Kiwanja namba 41 ambacho Bi Verdell hakutaka kumpa mtu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukungu umelalia majani ya bwawa la maji chumvi, na kutoka ndani yake inasikika milio midogo ya chaza wakijifunga, tik, tik, kama mtu anayehesabu kitu kwa kucha.

Verdell Bligen anakatiza katikati ya kambi akiwa na ufito wa mwanzi mkononi. Anafika kiwanja namba 12, anauchomeka ufito mchangani, anauchomoa, kisha anaigusa ncha yake kwa kidole.

"Maji," anasema. "Leo siku ya tisa mvua haijanyesha, na hapa chini pamelowa. Leo bamvua, bahari inajaa kupita siku zote. Ikifika saa saba mchana yatatokea yenyewe, juu jua kali, chini maji. Nikimlaza mgeni hapa atasema nimemchukia."

Anaandika kwenye kidaftari, anaendelea. Kwenye namba 14 haangalii mchanga. Anatazama juu, kwenye tawi la mwaloni lenye unene wa pipa. Anasema mwaloni hausubiri upepo; joto likizidi unaachia tawi mchana kweupe, kimya kabisa. Namba 14 nayo inapigwa msalaba.

Kwenye namba 20 anakunja mkono wa shati, ananyoosha mkono mbele na kusimama hivyo dakika nzima. Anahesabu usubi wanaotua. Wakizidi sita, hakuna mwenye mtoto mchanga atakayepewa namba 20 leo.

Akifika namba 37 anageuka na kurudi ofisini kwa njia ya ufukweni. Mbele ya hapo kuna kamba nyeupe.

Bi Verdell, mwenye umri wa miaka 59, amefanya kazi miaka 22 katika hifadhi ya Tolliver Neck, pwani ya Carolina Kusini. Kwenye karatasi yeye ni karani wa mapokezi, analipwa dola 15 na senti 80 kwa saa. Kazi yenyewe, kama wanavyoijua wanaorudi hapa mwaka hadi mwaka, ni kumtazama mtu usoni na kumwambia alale wapi.

Siku hizi ramani ya kambi iko kwenye tovuti. Mtu anachagua kiwanja chake kwa kubonyeza, miezi sita kabla hajafunga safari. Hata hivyo simu ya ofisini haipumziki.

"Wanapiga kutoka Michigan huko, wanasema, Bi Verdell, nimeona namba 9 iko wazi na picha yake nzuri. Namwambia, mwanangu, picha ilipigwa Januari. Januari hata makaburini ni pazuri."

Anacheka. Halafu anaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyekanyaga kitu.

Anayepiga simu huulizwa maswali matatu. Nani anakoroma? Mna mnyama? Na ni sauti gani hamwezi kulala nayo? Hilo la mwisho, anasema, ndilo linalomweleza kila kitu. Asiyeweza kuvumilia vyura anapelekwa upande wa bahari. Asiyeweza mawimbi anapelekwa kwenye misonobari. Mwenye mume mkorofi anapewa kiwanja kipana, ili apate pa kutembea akikasirika.

Na yule anayesema haogopi sauti yoyote?

"Huyo namweka karibu na ofisi," anasema Bi Verdell.

Hakuzaliwa kwenye ncha hii ya nchi kavu, ingawa watu wake wametoka hapa. Zaidi ya miaka themanini iliyopita, mwenye hati za ardhi aliiuza yote ili iwe hifadhi. Familia zilizokuwa zikiishi hapa tangu enzi za mababu zikahamia bara, maili kumi na moja ndani, bila karatasi mkononi. Huko ndiko alikokulia Verdell, binti wa mvuvi wa kaa.

Alipokuwa msichana alisafisha vyumba vya hoteli katika mji wa watalii, akikaa ndani ya basi muda wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa miaka kumi na sita. Nafasi ya ukarani ilipotangazwa Tolliver Neck, dakika ishirini tu kutoka nyumbani, aliomba siku ileile. Alipoipata, akaenda kumwambia shangazi yake, Ruthena Capers, dada wa baba yake, ambaye sasa ana miaka 92.

Shangazi Ruthena alikuwa anakata bamia. Kisu kikasimama.

"Aliniuliza, utakuwa unawalaza watu wapi? Nikamwambia kambini, shangazi. Akauliza kambini sehemu gani. Nikamwambia kote, mpaka kule kwenye ncha. Akasema, kule kwenye ncha kuna watu. Nikamwambia, ndiyo shangazi, ni kambi ile, watu lazima wawepo." Bi Verdell anatikisa kichwa. "Akaendelea kukata bamia. Hakulirudia tena neno hilo."

Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini, mwezi wa Mei, walimu wawili wastaafu, mume na mke kutoka Indiana, walipokuja dirishani kuaga. Walikuwa wamelala namba 41, kiwanja cha mwisho kabisa penye kivuli kizuri kuliko vyote. Walikuwa na neno moja dogo, wakalisema kwa adabu. Hawakuwa na tatizo na usafi wa kambi, lakini yule mama anayefagia angengoja watu waamke.

Hifadhi haikuwa na mfagiaji. Haijawahi kuwa naye.

Bi Verdell alidhani ni mpiga kambi mmoja mwenye kupenda usafi. Aliomba radhi, akasahau. Wiki tatu baadaye dereva wa lori kutoka Alabama, aliyelala peke yake namba 41, akasema maneno yaleyale. Mwezi wa tisa wakaja dada wawili wauguzi kutoka Quebec ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kuokoteza. Walipokosa maneno, mmoja akashika mwavuli kama ufagio na kumwonyesha. Alifagia huku akirudi kinyumenyume, kutoka dirishani mpaka mlangoni.

"Hapo ndipo nilipoanza kuandika," anasema.

Daftari lenyewe analo bado, jalada la kijani, kona zimeliwa na unyevu. Kwa miaka kumi na miwili aliandika watu kumi na tisa, ambao, ukiacha waliokuja pamoja, hawakujuana wala hawakuwahi kukutana. Anamsomea mwandishi kwa sauti ya kikarani, bila kupamba.

Ni asubuhi, siku zote. Jua limeshatoka, kati ya saa moja na saa mbili. Ni mwanamke mrefu, mweusi, kitambaa kichwani, aproni ya gunia la unga. Anafagia kwa ufagio wa vijiti akirudi kinyumenyume, na hainui uso.

Hakuna hata mmoja kati ya hao kumi na tisa aliyesema ameogopa. Bi Verdell anasema hilo ndilo lililomtisha yeye.

"Mtu akiona kitu akaogopa, utasema ni macho yake. Hawa walikuwa wananiletea malalamiko. Kana kwamba ni mtu wangu, niende nikamkanye."

Saba kati yao walisemeshwa. Wote saba waliulizwa swali moja, kwa upole: "Mnaondoka lini, wanangu?"

Wenyewe walidhani ni mfanyakazi anayetaka kujua lini atasafisha. Mmoja alimjibu kuwa wanaondoka Jumapili. Alisema yule mama alitikisa kichwa taratibu, kama anayepiga hesabu ya siku, akaendelea na kazi yake.

Bi Verdell alikwenda mwenyewe, asubuhi nyingi, kiwanja kikiwa kitupu. Hakumwona mtu. Mara nyingine aliona mistari ya vijiti mchangani, imepangwa kama nywele zilizochanwa, inafika mpaka ukingo wa kiwanja na kukoma. Nyayo hazikuwepo. Anayefagia kinyumenyume hufuta za kwake mwenyewe, anaeleza. Bibi yake mzaa mama alifagia ua hivyohivyo.

Mumewe Isaiah, ambaye alikuwa hai wakati huo, alimshauri aache kazi.

"Nikamwambia nikiacha, tutakula nini, ufagio?" anasema. "Tulicheka. Lakini aliponipeleka kazini hakuzima gari tena. Ananishusha, anageuza."

Anachokisema baada ya hapo anakisema akitazama dirishani.

"Usiandike kwamba sikujua. Andika kwamba sikuuliza. Shangazi alikuwa jikoni kwangu kila Jumapili, anakula wali mwekundu na kamba wa baharini. Ningemuuliza, angenijibu. Na kama angekuwa ameshanijibu, mimi Jumatatu ningewalaza wapi watu?"

Miaka minane iliyopita, mwezi wa tisa, kimbunga kilipita. Daraja lilifungwa na hifadhi ikakaa siku kumi na nane bila binadamu. Siku walipofunguliwa njia, Bi Verdell aliingia na wanaume wawili wenye misumeno. Wao walibaki getini wakikata mti ulioangukia barabara. Yeye akaenda mbele kwa miguu kukagua viwanja.

Ilikuwa saa sita mchana. Hakukuwa na ndege, wala upepo. Kila kiwanja kilikuwa kimefukiwa na matawi, majani ya misonobari, zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye mialoni, zimenyofolewa na kurundikana kama nywele sakafuni kwa kinyozi. Kwenye namba 30 kulikuwa na jokofu la mtu. Kwenye namba 37 boti ndogo ilikuwa imesimama wima kwenye mti.

Namba 41 ilikuwa safi.

"Hata jani moja," anasema. "Mchanga umefagiliwa, mistari bado mipya, kingo zake hazijaanguka. Na ile mistari, nilivyosimama mimi, ilikuwa inaishia miguuni pangu. Yaani aliyekuwa anafagia amekuja mpaka hapa niliposimama, akaishia hapo."

Alifanya nini?

"Nilivua kofia. Nikasema samahani. Nikarudi kinyumenyume mimi pia, sikutaka kumgeuzia mgongo."

Jioni ile aliingia kwenye kompyuta na kuandika kwamba kiwanja namba 41 kinatengenezwa. Kila mwaka alirudia kuandika hivyo. Kwa miaka sita hakuna aliyelala hapo, na daftari la kijani halikuongezwa hata mstari.

Kisha akaja meneja mpya, Grady Lovett, kijana wa miaka 34 kutoka upande wa milimani. Si mtu mbaya, anasema Bi Verdell, ila anasoma ripoti zote. Aliona kiwanja kilichotengenezwa miaka sita bila fundi, bila mfuko mmoja wa saruji. Akamwita ofisini.

"Bi Verdell, kinatengenezwa nini?" aliuliza.

"Udongo."

"Udongo una nini?"

Bwana Lovett anakumbuka kwamba yule mama alikuwa anaangalia mikono yake tu. Akamwandikia barua ya onyo. Kosa jingine la kuandika uongo kwenye kumbukumbu lingekuwa la kufukuzwa, naye alikuwa amebakiza miaka mitano kufikia pensheni. Namba 41 ikafunguliwa kwenye tovuti kwa ajili ya sikukuu ya Julai. Ilichukuliwa baada ya dakika kumi na moja.

Waliofika Alhamisi walikuwa familia ya Orcutt kutoka Ohio: Tamsin, mumewe, binti yao Junie wa miaka sita, na mbwa. Bi Verdell alipekua orodha mara tatu kutafuta pa kuwahamishia. Kambi ilikuwa imejaa mpaka kwenye maegesho. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akamuuliza yule mama swali lake la kila siku, ni sauti gani hawezi kulala nayo. Tamsin alicheka, akasema sauti ya bosi wake.

Ijumaa bamvua lilipanda juu kuliko ilivyotabiriwa, likaumega ukingo chini ya namba 41, kiasi cha hatua mbili za mtu mzima.

Jumamosi, saa mbili kasoro asubuhi, Tamsin Orcutt aliingia ofisini akiwa amemshika mtoto mkono. Kulikuwa na watu tisa kwenye foleni na Bwana Lovett mwenyewe alikuwa dirisha la pili. Tamsin hakuwa na hasira. Alikuwa amekuja kurudisha kitu. Junie alikiokota ukingoni, na yule bibi anayefagia amemwambia akirudishe, ila hakusema wapi, kwa hiyo wameona bora wakilete ofisini.

Junie akaweka kikombe juu ya meza.

Kilikuwa kikombe cheupe cha udongo, chenye mstari wa bluu mdomoni. Bi Verdell alikigeuza. Kitako kilikuwa na tundu, limetobolewa kwa msumari, kingo zake zimeshakuwa za njano kwa uzee.

"Hicho si kikombe kilichovunjika," anasema. "Hicho ni kikombe cha mwisho alichonywea mtu. Kinatobolewa, kinawekwa juu yake. Mtoto yeyote wa kwetu anakijua. Hata hukinyooshei kidole."

Waliokuwepo wanasema alikirudisha mezani. Halafu aliinuka, na aliposema hakupaza sauti.

"Bwana Lovett, namba 41 ni makaburi. Nimewalaza watu juu yake miaka mingi, kisha nikakudanganya ili nisiwalaze. Na wewe mama, umelala juu ya watu wangu siku mbili, na ni mimi niliyekupa namba. Naomba unisamehe."

Kisha Junie, ambaye hakuna aliyekuwa amemweleza chochote, akasema, "Mimi nilimwambia ni leo."

Mama yake akamuuliza amemwambia nani.

"Yule bibi. Aliuliza tunaondoka lini."

Bwana Lovett alifunga dirisha lake. Anamwambia mwandishi kwamba mpaka leo haamini habari za mfagiaji, na hataki kuandikwa kama mtu anayeamini. "Lakini kikombe nimekishika," anasema. Mchana ule alifunga viwanja vinne vya mwisho kwa kamba, akapiga simu zinazotakiwa kupigwa, na akakaa zamu mwenyewe asipite mtu. Familia ya Orcutt ilihamia bustani ya nyuma ya nyumba yake, pamoja na mbwa wao.

Siku ya sita, Alhamisi, Bwana Lovett alimfuata Shangazi Ruthena nyumbani kwa gari lake. Ni yeye aliyembeba kumwingiza kwenye kigari cha umeme, na ndiye aliyekiendesha polepole mpaka kwenye ncha, Bi Verdell akitembea pembeni.

Shangazi Ruthena alikuwa na miaka tisa walipohama. Hakuwa amerudi tangu hapo. Aliinua kope, akatazama chini ya mwaloni, ndani ya kamba ambamo hakuna aliyekuwa ameingia kwa siku tano.

"Nani amefagia?" aliuliza.

Bwana Lovett alizima kigari.

Baadaye Shangazi Ruthena alianza kuwaonyesha waliozikwa hapo, kwa kidevu, mmoja mmoja. Babu. Bina. Mtoto wa Bina. Mzee Cudjo aliyekuwa na jino la dhahabu. Wengine kwenye visiwa hivi huyaacha makaburi yashikwe na msitu, alisema, lakini watu wa Tolliver Neck walifagia. Aliyefagia alikuwa mama yake, Hagar, kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali. Siku ya kuhama, Hagar alifagia kwa mara ya mwisho na kuuacha ufagio umeegemea mti. Alifariki huko bara mwaka uliofuata na kuzikwa huko.

Hapo ndipo Bi Verdell alipomweleza shangazi yake, kwa mara ya kwanza katika miaka karibu ishirini, habari za wale kumi na tisa na swali la "mnaondoka lini". Alieleza akilia. Alisema ameishi akijua kwamba mwenye mahali anawafukuza wageni, na yeye anaendelea kuwaleta.

Shangazi Ruthena alimwacha amalize.

"Nani anafukuza?" alisema. "Mama alikuwa akiuliza hivyo kila mgeni akifika. Alitaka kujua apime mchele wa siku ngapi."

Bwana Lovett anasema hapo ilibidi aondoke kidogo, aende akaangalie tairi la kigari.

Vuli ile wataalamu walikuja na mashine inayosukumwa kama kitoroli, inayoona chini ya ardhi bila kuchimba. Walihesabu makaburi ishirini na matatu chini ya viwanja vinne, moja likiwa chini ya saruji ya meza ya chakula. Viwanja hivyo vilifutwa kwenye ramani. Vilivyobaki ni 37.

Bi Verdell alisimamishwa kazi siku tatu bila malipo kwa miaka sita ya kuandika uongo, na barua yake bado iko kwenye jalada. Anasema ni haki. Yule mwalimu mstaafu kutoka Indiana, mkewe sasa ni marehemu, aliposikia habari hizo aliandika barua ya ukurasa mmoja na kuituma ofisini. Haikuwa ya Bi Verdell. Aliandika kuomba radhi kwa mama aliyekuwa akifagia, kwa kuwa alimlalamikia.

Barua hiyo ilisomwa kanisani, kisha wakaizika pamoja na kikombe.

Sasa wanawake wa kanisa huja kufagia, Jumamosi moja na kuruka moja, na mifagio yao ya vijiti kwenye buti la gari. Mwandishi alipokwenda nao, mchanga ndani ya kamba ulikuwa na majani machache ya msonobari, kama mahali popote. Lakini wamewahi kufika, anasema mmoja wao, Bi Earlene Wigfall, wakakuta kazi imeshafanywa.

Walifanyaje?

"Tulifagia tena," anajibu. "Tumeshatoa mafuta ya gari kuja huku."

Tatizo lililobaki ni bahari. Ukingo unamegeka kila bamvua la vuli, na wataalamu wanasema makaburi ya mbele yana miaka kumi, labda kumi na miwili. Kujenga ukuta kumeshindikana. Wazee wa familia, baada ya vikao ambavyo Bi Verdell anavieleza kwa kukuna kichwa tu, wamekubaliana marehemu wahamishiwe ndani zaidi, mahali pa juu, ndani ya hifadhi hiihii. Na wamekubaliana nani atachagua mahali penyewe.

Amekuwa akitembea kwa miezi mitano. Amekataa kile kilima cha makombe ya chaza kwa sababu ya barabara. Amekataa pale kwenye mikindu kwa sababu mizizi inanyonya maji. Kuna mahali pa tatu, chini ya mialoni mitatu, ambapo amekwenda asubuhi, mchana na jioni, kwa jua na kwa mvua, na bado hajasema neno.

"Wageni nikikosea wanapiga simu wananitukana, nawahamisha, yamekwisha," anasema. "Hawa siwezi kuwahamisha mara mbili. Na wananijua mimi ni mtoto wa nani."

Anataka jambo hilo liwe limekamilika kabla hajastaafu, miaka mitatu kuanzia sasa. Shangazi Ruthena ameshasema atakuwepo siku hiyo, hata kama ni kwa kubebwa.

Akiulizwa kama yeye mwenyewe amewahi kulala kwenye hema, Bi Verdell anacheka mpaka anafuta macho. Hajawahi, hata siku moja. Lakini mwezi wa kumi na moja ana likizo ya wiki nzima, na yeye na mdogo wake wa kike wameamua kwenda Georgia, bara kabisa, mbali na maji chumvi, wakaone wenzao wanafurahia nini. Hakutumia tovuti. Alipiga simu, akapokelewa na binti mdogo mwenye sauti ya usingizi.

"Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mwenzako wa kazi hii, nichagulie wewe. Nipe mahali ambapo hapajawahi kukaa mtu. Nikasikia anafunua karatasi, anafunua. Akasema, mama, mahali kama hapo sina."

Anachukua ufito wake, kwa sababu saa saba inakaribia na maji yameanza kutokea namba 12.

"Nikamwambia basi nipe popote, mwanangu. Tukifika tutapiga hodi."